Siku ya Hati na Siku ya Funguo: Tarehe Ambazo Mnunuzi wa Nyumba Hapaswi Kuzichanganya

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha hadhara kuhusu ununuzi wa nyumba na viwanja



Katika ofisi za ardhi na za mawakili kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachukulia kuwa jambo moja: kukamilisha mauzo na kukabidhiwa nyumba. Kukamilisha ni siku ambayo muuzaji anatoa hati zote zinazotakiwa ili jina libadilishwe, na mnunuzi anatoa fedha zilizosalia au dhamana inayokubalika kwamba zitalipwa. Kukabidhiwa ni siku ambayo muuzaji anaondoka, mnunuzi anapewa funguo na kuingia. Siku hizo mbili zinaweza kuangukia tarehe moja. Zinaweza pia kuachana kwa wiki, kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka, na ni katika mwanya huo ndipo familia nyingi hupoteza akiba yao.

Ipo na siku ya tatu, ambayo husahaulika kabisa: siku ya usajili. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mwenye mali anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika sajili. Mtu anaweza kulala ndani ya nyumba, akapaka rangi, akapanda miti ya matunda uani na kulipa bili ya maji kwa miaka mitano, ilhali sajili ingali inasema nyumba ni ya mwingine. Funguo haziandiki jina la mtu katika sajili.

Kila tarehe hukaa ndani ya mkataba, kwa hiyo mkataba ndio mwanzo. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo kuhusu ardhi hayawezi kumfikisha mnunuzi mbali mahakamani. Lakini kuna karatasi nyingi zinazotimiza masharti hayo na bado hazimsaidii mtu. Huandikwa mbele ya mzee wa mtaa: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei, mashahidi wanne, na mwishoni maneno haya, "salio litalipwa baadaye". Baadaye si tarehe. Mkataba usiosema ni lini mauzo yatakamilika na ni lini mnunuzi ataingia humwacha kila upande na kalenda yake kichwani, na ugomvi ukianza kila kalenda huwa sahihi kwa mwenyewe.

Chukua mfano wa mwalimu na mkewe wanaonunua nyumba ya vyumba vitatu mjini kwa Sh3,600,000. Mkataba unatiwa saini tarehe 3 Machi. Wanalipa arabuni ya asilimia 10, yaani Sh360,000, kama ilivyo desturi nchini. Mkataba mzuri husema kwamba arabuni hiyo itashikwa na wakili wa muuzaji kama amana hadi siku ya kukamilisha, wala haitaingia mfukoni mwa muuzaji jioni ile ile. Muda wa kukamilisha unaandikwa kuwa siku 90, ambao pia ni muda uliozoeleka.

Siku 90 kuanzia 3 Machi huishia 1 Juni, na 1 Juni ni Madaraka. Ofisi ya ardhi imefungwa, benki imefungwa, wakili yuko nyumbani. Je, muda umekwisha jana yake au unasogea hadi kesho yake? Hilo linaonekana dogo hadi pale muuzaji anapopata mtu mwingine aliye tayari kulipa zaidi na kuanza kutafuta sababu ya kujitoa. Mkataba uliotungwa kwa uangalifu husema wazi kwamba siku ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu, kukamilisha kunasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Husema pia kama siku zinazohesabiwa ni za kalenda au za kazi, kwa sababu siku 90 za kazi ni zaidi ya miezi minne. Na husema zinaanza kuhesabiwa lini: siku ya saini, siku ambayo arabuni imelipwa, au siku ambayo kibali fulani kimepatikana. Mnunuzi asione haya kumwomba wakili aandike tarehe yenyewe kando ya idadi ya siku.

Wengi huuliza kwa nini zihitajike siku 90 ikiwa fedha ziko tayari. Ni kwa sababu muda huo si wa kusubiri, ni wa kazi. Upekuzi rasmi katika sajili, ambao wengi huuita sachi, unapaswa kufanywa kabla ya saini na kurudiwa karibu na siku ya kukamilisha, maana sajili inaweza kubadilika katikati. Muuzaji anatakiwa kuleta hati miliki halisi, fomu za uhamisho zilizotiwa saini, nakala za kitambulisho na cheti cha nambari ya KRA, pamoja na picha za pasipoti. Ikiwa nyumba ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mke au mume. Mume anayesema "mama watoto hana neno" hajaleta ridhaa, ameleta maneno. Ikiwa kiwanja ni cha ukodishaji kutoka serikalini, kinahitaji idhini ya kuhamisha na cheti cha kutodaiwa kodi ya kiwanja. Ikiwa nyumba imewekwa rehani, benki inayodai lazima ilipwe na itoe hati ya kuiachilia. Na kila mali inayotozwa reti, yaani kodi ya ardhi inayolipwa kwa kaunti, inahitaji cheti cha kutodaiwa kutoka kwa kaunti.

Cheti hiki cha mwisho huchelewesha mauzo mengi kuliko inavyodhaniwa. Muuzaji ambaye hajalipa reti kwa miaka minane hujua deni lake siku ambayo wakili anaomba cheti, na deni limeshaota riba. Akiwa hana fedha, hutegemea salio la mnunuzi ili alipe, na mnunuzi naye hawezi kutoa salio bila cheti. Njia ya kutoka ipo: pande zote zikubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya fedha italipwa moja kwa moja kwa kaunti na kukatwa kwenye bei. Ni afadhali suala hilo liulizwe wiki ya kwanza kuliko wiki ya kumi na mbili. Cheti kikipatikana, mnunuzi akiangalie tarehe yake. Cheti kina muda, na kilichopitwa na wakati kitarudishwa.

Upande wa mnunuzi kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa mali ya mashambani. Thamani hupimwa na mthamini wa serikali, na ikizidi bei ya mkataba ushuru hufuata thamani hiyo. Kwa nyumba ya mwalimu, hata thamani ikiwa sawa na bei, ushuru ni Sh144,000. Fedha hizi zisipotengwa mapema, hati hukaa mezani zikiwa zimekamilika na usajili hauendelei. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ingawa kuna misamaha, kama vile kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Kodi hiyo si mzigo wa mnunuzi, lakini isiposhughulikiwa uhamisho wake hukwama.

Mnunuzi anayetumia mkopo wa benki ana kalenda ya namna yake, na hapa ndipo kutoelewana huwa kukubwa. Kwa kawaida benki haitoi fedha siku ya kukamilisha. Wakili wa benki hutoa barua ya ahadi ya kitaaluma kwamba salio litalipwa baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa, mara nyingi ndani ya siku 14. Muuzaji hutoa hati zake kwa kuitegemea barua hiyo. Kwa hiyo kuna siku ambayo mauzo yamekamilika kwa hati, jina limebadilika, na muuzaji bado hajashika shilingi ya salio. Si ajabu akikataa kutoa funguo siku hiyo. Katika mauzo ya aina hii, mikataba mingi husema funguo zitatolewa baada ya salio lote kuingia katika akaunti. Mwalimu aliyempa mwenye nyumba ya kupanga notisi ya kuhama mwisho wa Mei, akidhani 1 Juni ataingia kwake, anaweza kujikuta katikati ya Juni akiwa na magodoro na hana paa. Kabla ya kutoa notisi anakopanga, mnunuzi wa mkopo aisome ile sehemu ya mkataba inayohusu kukabidhiwa, na aongeze wiki kadhaa juu ya tarehe anayoitarajia.

Sasa kuna jambo linalopendwa sana na wanunuzi, na ambalo ni hatari zaidi: kuingia mapema. Muuzaji amehamia mji mwingine, nyumba iko tupu, wezi wanaizunguka, na yeye mwenyewe anasema, "Ingieni tu, karatasi zitafuata." Ni ukarimu, na mara nyingi ni ukarimu wa kweli. Lakini anayeingia kabla ya kukamilisha si mwenye nyumba, na kwa kawaida mkataba utasema kwamba si mpangaji pia. Yumo kwa ruhusa tu, na ruhusa inaweza kuondolewa. Mauzo yakivunjika, anatakiwa kutoka. Ukuta alioubomoa, vigae alivyoweka na kisima alichochimba vinabaki, na kurudishiwa gharama yake ni hoja ya kwenda kuithibitisha mahakamani.

Ikiwa ni lazima kuingia mapema, basi iandikwe: mnunuzi ameingia tarehe gani, analipa nini kwa kipindi hicho, nani analipa bili za stima na maji, nani atabeba hasara nyumba ikiungua, na nini kitafanyika kuhusu matengenezo ikiwa mauzo hayatakamilika. Na hadi jina libadilike, kupaka rangi kunatosha. Mnunuzi pia ana haki, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, ya kumwomba msajili aweke tahadhari katika sajili ya mali hiyo, ili isihamishwe kwa mwingine bila yeye kujulishwa. Hatua hiyo haigharimu sana, na ni ajabu jinsi inavyotumiwa na watu wachache.

Katika viwanja vilivyo nje ya miji, hatari ya kuingia mapema ina sura nyingine. Ardhi ya kilimo iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, ambayo imekuwapo tangu 1967. Mauzo ya ardhi hiyo yanahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ya eneo husika, na ombi la idhini linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Mahakama inaweza kuongeza muda ikiona sababu, lakini idhini isipopatikana, kwa mujibu wa sheria hiyo mauzo ni batili. Wengi hudhani hayo ni mambo ya mashamba makubwa. Viwanja vingi vya futi 50 kwa 100 vilivyokatwa pembezoni mwa miji vimetoka katika ardhi ambayo bado inahesabiwa kuwa ya kilimo, na majirani kuwa na mabati mapya hakubadilishi hilo.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinamruhusu mnunuzi kudai fedha alizolipa, kama deni. Hakitaji nyumba aliyoijenga. Na kifungu cha 22 kinaenda mbali zaidi: kulipa au kupokea fedha, au kuingia na kukaa katika ardhi, kwa kuendeleza mauzo ambayo yameshakuwa batili kwa kukosa idhini, ni kosa la jinai. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufaa, katika hukumu za 2014 na 2018, iliwalinda wanunuzi waliokuwa wamelipa na kuruhusiwa kuingia na muuzaji mwenyewe, ikisema si haki muuzaji kujificha nyuma ya kukosekana kwa idhini. Hukumu hizo zimewapa wengi tumaini. Lakini mnunuzi wa namna hiyo alifika huko baada ya miaka ya kesi, mawakili na nauli. Kwenda mbele ya bodi pamoja na muuzaji, na mke au mume wa muuzaji, ni kazi ya asubuhi moja. Kwa hiyo mkataba wa kiwanja cha aina hii useme nani atapeleka ombi na kufikia tarehe gani, na mnunuzi asimwage mchanga na kokoto kabla ya idhini kutoka.

Neno moja kuhusu mali ya marehemu, kwa kuwa nyumba nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni za urithi. Sheria ya Urithi hairuhusu msimamizi wa mirathi kuuza ardhi au nyumba kabla ya hati yake ya usimamizi kuthibitishwa na mahakama. Watoto wote wa marehemu wanaweza kuwa wamekubali, picha zikapigwa na chai ikanywewa, na bado hakuna anayeweza kukamilisha. Tarehe ya kukamilisha katika mkataba kama huo haina msingi.

Kuna upande wa pili wa funguo: muuzaji ambaye hatoki, au mpangaji ambaye muuzaji hakumtaja. Mkataba usiposema kwamba nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu, mnunuzi anaweza kupokea hati pamoja na wapangaji wanne na kesi. Kupata hati miliki hakumpi mtu ruhusa ya kung'oa mlango. Mpangaji ana haki zake za notisi, na wenye maduka wana sheria inayowalinda zaidi. Kwa hiyo mnunuzi afike katika nyumba kabla ya kutia saini, abishe hodi, na aulize wanaoishi humo wanalipa kodi kwa nani. Ikiwa muuzaji anaomba kubaki wiki mbili baada ya kulipwa, apewe kwa maandishi, na sehemu ya fedha ibaki kwa wakili hadi atakapotoka. Muuzaji mwenye nia njema hakatai.

Wanaonunua nyumba katika jengo ambalo halijajengwa au linaendelea kujengwa, kukamilisha hakuhesabiwi kwa siku 90. Hufungwa na hatua za ujenzi. Maneno ya mwuzaji kwamba nyumba "iko tayari" si kipimo. Kipimo ni cheti cha ukaaji, ambacho hutolewa na kaunti baada ya jengo kukaguliwa. Mkataba useme kwamba malipo ya mwisho na funguo vitafuata cheti hicho, na useme tarehe ambayo mnunuzi anaweza kujitoa na kurudishiwa fedha ikiwa jengo halitafika hapo. Mnunuzi aulize pia ni lini atapata hati ya nyumba yake mwenyewe chini ya Sheria ya Mali ya Sehemu ya mwaka 2020, na kama hati ya kiwanja chote iko benki.

Tarehe ya kukamilisha ikipita bila upande mmoja kutimiza wajibu wake, mkataba haufi siku hiyo. Kwa kawaida upande ulio tayari hutoa notisi ya kukamilisha, na mikataba mingi huweka siku 21. Muda huo ukipita, mnunuzi aliyeshindwa kulipa anaweza kupoteza arabuni yake; muuzaji aliyeshindwa anaweza kudaiwa fedha pamoja na riba, au mahakama ikaombwa imlazimishe kuuza. Anayepokea notisi kama hiyo asiiweke kabatini. Siku 21 zinatosha kuomba nyongeza ya muda kwa maandishi, na muuzaji anayeona mkopo unakaribia kutoka mara nyingi atakubali.

Siku ya kukamilisha ndiyo inayogawa gharama pia. Ikiwa reti ya nyumba ya mwalimu ni Sh12,000 kwa mwaka, na mauzo yamekamilika mwanzoni mwa Juni, miezi 5 ya kwanza, Sh5,000, ni ya muuzaji, na miezi 7 iliyosalia, Sh7,000, ni ya mnunuzi. Mawakili hufanya hesabu hii kwenye taarifa ya mwisho ya malipo, na mnunuzi ana haki ya kuiona. Siku ya funguo isomwe mita ya maji na ya stima mbele ya pande zote mbili, namba ziandikwe na kupigwa picha kwa simu. Vifaa vilivyokubaliwa kubaki, kama tangi la maji, hita ya bafuni au jiko lililojengwa ukutani, vihakikiwe vipo kabla muuzaji hajaondoka na lori.

Usajili ukishafanyika na hati mpya kutoka, bado kuna safari moja fupi. Ofisi ya reti ya kaunti haibadilishi jina yenyewe kwa sababu tu sajili ya ardhi imebadilika. Mnunuzi alete nakala ya hati mpya, kitambulisho na risiti ya mwisho ya reti, ili jina lake liingizwe kwenye daftari la walipaji. Asipofanya hivyo, bili zitaendelea kutumwa kwa mwenye nyumba wa zamani, ambaye hana sababu ya kuzifungua, na riba itaendelea kuhesabiwa juu ya nyumba ambayo sasa ni ya mnunuzi.